Ulinganisho: Kichujio kipi kinafaa kuanza nacho katika kujifunza kukadiria hali ya mfumo?

Mwanzisha mada

Salaam wanajukwaa. Ninasomea udhibiti wa mitambo, na mradi wangu ni kigari cha magurudumu mawili kinachotakiwa kusimama wima chenyewe. Kimefungwa sensa ya MPU-6050, yenye jairoskopu (hupima kasi ya mzunguko) na akselerometa (hupima mchapuko na mvuto, hivyo huonyesha upande wa chini) ndani yake. Jairoskopu hunipa kasi ya mzunguko iliyo safi, lakini nikiijumlisha ili nipate pembe, kosa dogo hukua kila dakika hata kigari kikiwa kimetulia mezani. Akselerometa haina kasoro hiyo, ila mota zikianza kuzunguka, pembe yake hurukaruka mno. Nimesoma juu ya vichujio, yaani hesabu za kuchanganya vipimo vyenye makosa ili kukadiria hali ya mfumo (hapa, pembe ya kigari): kichujio kamilishi, kichujio cha Kalman na kichujio cha chembe. Ninaomba mnilinganishie: kipi kinastahili miezi yangu ya mwanzo, na kwa nini?

Fundi wa saketi

Ndugu, anza na kichujio kamilishi. Chukua pembe ya zamani, ongeza kasi ya jairoskopu mara muda wa hatua moja, zidisha jumla hiyo kwa 0.98, kisha ongeza pembe ya akselerometa iliyozidishwa kwa 0.02. Ukisoma sensa mara 100 kwa sekunde, maana yake ni kwamba mabadiliko ya haraka unayaamini kutoka kwa jairoskopu, na yale yanayodumu zaidi ya takriban nusu sekunde unayachukua kutoka kwa akselerometa. Ni mstari mmoja wa programu, na kidhibiti cha bei ndogo kabisa kinaumudu. Kigari chako kitasimama leo hii.

Mwalimu wa hisabati

Ninakubaliana na Fundi kwamba kigari kitasimama, lakini aliyeuliza anataka kujifunza, na hapo ninatofautiana naye kwa heshima. Ile 0.98 imetoka wapi? Kichujio kamilishi hakikujibu swali hilo, ilhali cha Kalman kinaanza nalo.

Tufanye hesabu ndogo kwa mkono. Tuseme unakadiria kina cha maji ndani ya tangi kuwa sentimita 10, na variansi ya makadirio yako (kiasi cha kutokuwa na uhakika) ni 4. Kipimo kipya kinakuja na kusema 12, nacho variansi yake ni 1. Uzito wa kipimo ni 4 gawanya kwa jumla ya 4 na 1, yaani 0.8. Tofauti kati ya kipimo na makadirio ni 2, kwa hiyo unasogea 1.6 na kufika 11.6. Variansi yako mpya ni 0.8, ndogo kuliko ya kila upande peke yake. Hicho ndicho kiini cha kichujio chote. Matriksi (majedwali ya namba) zinakuja tu kwa sababu hali ya mfumo ina zaidi ya namba moja. Rudia hesabu hii kwenye karatasi mara kumi, ukiongeza kidogo variansi kabla ya kila kipimo kwa kuwa maji huenda yamebadilika, nawe utaona uzito ukitulia kwenye namba moja. Uzito uliotulia namna hiyo ndio unaofanana na ile 0.02 ya Fundi.

Rudolf Kálmán, mzaliwa wa Budapest, alichapisha makala yake mwaka 1960. Mwaka huohuo aliieleza mbele ya mhandisi Stanley Schmidt na wenzake katika kituo cha Ames cha NASA, shirika la anga la Marekani, waliokuwa wakitafuta namna ya kukadiria mahali chombo kilipo katika safari ya mwezini. Milinganyo yao haikuwa ya mstari mnyoofu, hivyo waliinyoosha kuzunguka makadirio ya wakati huo, na hapo kikazaliwa kichujio cha Kalman kilichopanuliwa.

Mrusha droni

Niongeze jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Nilipoandika kichujio kilichopanuliwa kwa mara ya kwanza, droni yangu iligeuka ghafla kila ilipoelekea kaskazini. Makadirio yalikuwa digrii 359, dira ikasema digrii 1, nami nikatoa makadirio kutoka kwa kipimo nikapata -358 badala ya 2. Kichujio kilitii hesabu yangu mbovu. Tofauti ya pembe lazima irudishwe kati ya -180 na 180 kabla ya kuzidishwa na uzito.

Mtafiti wa roboti

Kichujio cha chembe, kinachobeba makisio mengi (chembe) kwa pamoja, kiache kwa sasa. Kile cha Gordon, Salmond na Smith cha mwaka 1993 kinang'aa pale ambapo jibu linaweza kuwa mahali pawili au patatu kwa wakati mmoja, kama roboti isiyojua imo katika korido ipi kati ya korido zinazofanana. Pembe ya kigari chako haina utata huo, na chembe mamia zitakula muda wa kidhibiti bure.

Mwanzisha mada

Ninawashukuru sana. Nimejaribu ushauri wa Fundi na kigari kimesimama, lakini kimeinama karibu digrii moja upande mmoja, wala hakirudi.

Mwalimu wa hisabati

Hiyo digrii moja ina maelezo. Jairoskopu yako ikisema digrii 2 kwa sekunde wakati imetulia, kichujio kamilishi chenye 0.98 kwa hatua ya sekunde 0.01 kitabaki na kosa la 0.49 mara 2, yaani digrii 0.98, daima. Unaweza kupima kosa hilo kabla ya kuwasha mota na kulitoa, lakini hubadilika sensa inapopata joto. Katika kichujio cha Kalman unaliweka kosa hilo kuwa hali ya pili kando ya pembe, nalo hukadiriwa wakati wote kigari kinapotembea.

Ukishakiandika, rekodi tofauti kati ya kila kipimo na kile ambacho kichujio kilitarajia. Wastani wake uwe karibu na sifuri, tofauti moja isitabiri inayofuata, na takriban 95 katika kila 100 ziwe ndani ya mikengeuko sanifu (kipeo cha pili cha variansi) miwili ambayo kichujio chenyewe kimeitangaza. Zikitoka nje mara nyingi, kichujio kinajiamini kupita kiasi: ongeza variansi uliyoiwekea kelele ya mfumo au ya kipimo, kisha rekodi upya. Leta mchoro wa tofauti hizo hapa, tuusome pamoja.