Familia ya Mkomani, Lamu: maumivu ya Swaleh

Bi Khadija: Asalaam aleikum jamaa. Swaleh mgongo na mapaja yamuuma tangu juzi alipopakua mawe ya jahazi, hata kuchuchumaa hawezi. Klinik wamemwambia aende Mombasa akapigwe ile picha ya ndani ya mwili, MRI, na damu ipimwe yote. Tuchangeni

Ami Omari: Waaleikum salaam. Pole kijana, natuma elfu 2

Mwanaisha: Ami ngoja kwanza. Swaleh mkojo rangi gani? Miguu ina nguvu? Homa?

Swaleh: mkojo wa kawaida dada, homa sina, nguvu ninazo ila kushuka ngazi ndio balaa. leo afadhali kuliko jana

Mwanaisha: Basi hiyo ni kazi ngumu mwili haujaizoea, siku ya pili ya tatu ndio huuma zaidi halafu hushuka yenyewe. Na kile kipimo cha damu cha misuli, CK, ukipimwa leo kitatoka juu tu kwa vile umebeba mawe, wakiona kiko juu utaandikiwa kingine na kingine

Bi Khadija: Lakini MRI si itaonyesha mgongo una nini? Sina amani mwanangu

Mwanaisha: Mamkubwa nakuelewa wallahi. Lakini kuna utafiti wa 2015 uliangalia picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa, wa miaka 20 asilimia 37 diski, vile visahani laini baina ya pingili za mgongo, zishaanza kuchakaa, wa miaka 80 ni 96. Sasa Swaleh akiambiwa diski imechakaa ataogopa hata kuinua ndoo na dawa ni ile ile

Mwanaisha: Swaleh walikushika mgongo? walikuinua mguu?

Swaleh: hapana, niliandikiwa tu nimekaa

Mwanaisha: Ndio linaloniuma hilo. Kunywa maji, tembeatembea, meza panadol, diklofenaki usimeze ovyo yaumiza figo. LAKINI mkojo ukiwa mweusi kama koka, au miguu iishe nguvu, au ufe ganzi unapokalia, au mkojo ugome kutoka ama ukutoke bila kujua, hapo itafutwe boti hata saa nane usiku

Bi Khadija: Alhamdulillahi. Nitamwangalia

Ami Omari: Na mimi je? Mapaja yote mawili yauma tangu nianzishiwe dawa ya kolesteroli, nataka kuiacha

Mwanaisha: Usiiache Ami! Wewe ndio wa kupimwa CK, dawa hizo zaweza kuumiza misuli. Njoo kesho dispensari asubuhi na pakiti yake nione ni miligramu ngapi