Mkuu wa polisi anapokiri kosa akiwa amekwisha vua sare: Norm Stamper na njia panda ya Seattle

Mwanafunzi wa Sheria aliuliza:

Heshima kwenu wakubwa zangu na wenzangu. Ninaandaa mada ya kuwasilisha darasani kuhusu uongozi wa polisi, na mfano niliouchagua ni wa Norm Stamper, aliyekuwa mkuu wa polisi wa jiji la Seattle, Marekani, kuanzia 1994 hadi 2000. Aliajiriwa San Diego, California, mwaka 1966 akiwa askari wa doria, akakaa huko miaka 28 na kupanda hadi kuwa miongoni mwa wasaidizi wa juu wa mkuu wa polisi, ndipo Seattle ikamchukua. Tarehe 30 Novemba 1999, siku ambayo mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani ulipaswa kufunguliwa, askari wake waliwarushia mabomu ya machozi waandamanaji walioketi barabarani kwa amani. Wiki moja baadaye, tarehe 7 Desemba, alitangaza kwamba anaondoka. Tangu hapo amekuwa akidai dawa za kulevya zihalalishwe na kudhibitiwa na serikali, adhabu ya kifo ifutwe, na polisi waache mwenendo wa kijeshi.

Linalonisumbua ni kwamba mtu huyu alikuwa na kiti, alikuwa na redio mkononi, na alikuwa na shahada ya uzamivu katika mambo ya uongozi. Ikiwa alipokuwa na uwezo wa kuamuru mambo yalikwenda kinyume na haya anayoyahubiri leo, maneno yake yana uzito gani? Nimesoma mahali pengi kwamba "alikosea", lakini sijapata anayeeleza kosa lenyewe lilikuwa wapi hasa. Naomba msaada wenu.

Mzee wa Doria alijibu:

Mwanangu, mimi nimevaa sare miaka 31, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa kwenye kutuliza ghasia, kwa hiyo nitakueleza kama mtu anayejua amri inavyoshuka kutoka juu hadi kwa aliyeshika ngao.

Kwanza iangalie hiyo njia panda. Waandamanaji wa siku ile walizidi 40,000, idadi ambayo mipango ya polisi haikuitarajia, na baadhi yao waliketi katika makutano ya barabara katikati ya jiji wakiwa wameunganisha mikono yao ndani ya mabomba ili wasiweze kutenganishwa kwa urahisi. Makamanda walioko pale waliona jambo la kweli: gari la zimamoto au la wagonjwa lisingepita. Wakataka njia isafishwe, na Stamper akaunga mkono. Mwaka 2011 aliandika katika jarida la The Nation kwamba askari aliyekuwa ndani yake aliuona uamuzi ule kuwa sahihi, lakini mkuu wa polisi aliyekuwa ndani yake alipaswa kuuzuia. Amesema pia, zaidi ya mara moja, kwamba huo ndio uamuzi mbaya kuliko yote aliyoufanya katika kazi yake.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ninakusihi usipite haraka. Kamanda wa uwanjani kazi yake ni kuiona njia panda. Mkuu kazi yake ni kuliona jiji zima, na kujiuliza kitakachotokea saa mbili baada ya kopo la kwanza la gesi ya machozi kupasuka. Mtu ambaye mkono wake umefungiwa ndani ya bomba pamoja na mkono wa jirani yake huwezi kumwambia "tawanyika", kwa sababu hata akitaka kutii hana namna. Na moshi hauchagui: unamfikia aliyeketi, aliyesimama pembeni akitazama, na mwenye duka aliyefunga mlango. Watu waliokuwa wametulia wanageuka kuwa watu wenye hasira, na askari aliyekuwa na njia panda moja ya kusafisha anajikuta na mitaa ishirini. Ndivyo ilivyokuwa. Kabla usiku haujaingia meya Paul Schell alikuwa ametangaza hali ya hatari na amri ya kutotoka nje, gavana Gary Locke akapeleka Walinzi wa Taifa, yaani askari wa akiba wa jimbo, na kufikia mwisho wa mkutano watu wapatao 600 walikuwa wamekamatwa. Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama liliona kwamba jiji lilivunja haki za watu waliokamatwa katika bustani ya Westlake siku ya pili, na malipo ya dola milioni 1 yakafuata.

Nimesimama mahali kama pale. Mji sitautaja. Amri ilikuja kwa redio kutoka kwa mtu ambaye hakuwa ameiona barabara, na upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini kuingia mjini. Tulipofyatua, moshi wote ukaelekea kwenye zahanati iliyokuwa nyuma ya umati. Nakumbuka mama mmoja alitoka na mtoto amemfunika uso kwa kanga, naye akatuangalia sisi, hakuwaangalia waandamanaji. Hakuna mkubwa aliyewahi kukiri habari ile hadharani. Kwa hiyo unaponiuliza maneno ya Stamper yana uzito gani, nakujibu kwamba yana uzito mkubwa, kwa sababu ametaja saa, mahali na nafsi yake mwenyewe, na sisi tulio wengi tumezoea kusema "hali ilikuwa tete".

Dada wa Kent alijibu:

Shikamoo Mzee wa Doria. Ninaishi Kent, kusini mwa Seattle, na mwaka 1999 nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja katikati ya jiji. Tulipofungua mlango wa nyuma wa kupokelea mashuka, hewa iliingia kali kama pilipili iliyoungua kikaangoni. Kijana mmoja alikuja akipapasa ukuta, macho ameyafumba, akiuliza kwa upole kama kuna maji. Tulimmwagia jagi mbili usoni, naye akashukuru baada ya kila jagi. Sikurudi nyumbani usiku ule.

Ninauheshimu ukiri wa Stamper, lakini naomba mwanafunzi asiishie hapo. Tumuulize pia aliacha nini nyuma yake. Mwaka 2010 askari wa Seattle alimpiga risasi na kumuua John T. Williams, mchongaji wa mbao wa jamii ya wenyeji wa asili, aliyekuwa akivuka barabara na kisu chake cha kuchongea na kipande cha ubao. Wizara ya Sheria ya Marekani ilichunguza, ikaona mwaka 2011 kwamba matumizi ya nguvu kupita kiasi yalikuwa mtindo wa kawaida katika idara ile, na mwaka 2012 jiji likaingia makubaliano ya marekebisho chini ya uangalizi wa mahakama. Halafu ukaja mwaka 2020, baada ya kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, na jiji lile lile likatumia gesi ile ile dhidi ya waandamanaji mtaani Capitol Hill, hadi jaji Richard Jones alipotoa amri ya muda ya kuizuia tarehe 12 Juni. Mkuu wa polisi wa wakati huo, Carmen Best, naye alitangaza kuondoka miezi miwili baadaye. Miaka 21 ilikuwa imepita. Yule wa kwanza alikuwa ameandika na kuzungumza juu ya kosa lake kwa miaka mingi, na bado waliokuja baada yake walifika kwenye kopo lile lile. Kwa macho yangu ukiri wa mtu mmoja haujawa kanuni ya idara mpaka uandikwe mahali ambapo askari wa zamu atalazimika kuusoma.

Mwanafunzi wa Sheria:

Nawashukuru sana nyote wawili, na pole kwa mliyoyaona. Nina swali dogo lililobaki: suala la dawa za kulevya linaingiaje hapa? Naliona kama mada nyingine kabisa.

Karani wa Mahakama alijibu:

Si mada nyingine, ndugu yangu. Stamper husimulia kwamba akiwa askari mchanga alivunja mlango wa nyumba na kumkamata kijana wa miaka 19, nyumbani kwa wazazi wake, kwa kiasi kidogo tu cha bangi. Wakiwa njiani kwenda mahabusu ilimjia kwamba muda ule angeweza kuwa anafanya kazi halisi ya polisi. Kwake yeye mlango ule na njia panda ile ni kitu kimoja: raia asiyemdhuru mtu anatendewa kama adui wa vita. Alijiunga na maofisa wa zamani wanaopinga vita dhidi ya dawa za kulevya kupitia shirika la LEAP, lililoanzishwa mwaka 2002, na jimbo lake la Washington lilipopiga kura tarehe 6 Novemba 2012 kuhalalisha bangi kwa watu wazima, takriban asilimia 56 walikubali. Hasemi kwamba dawa hizo hazina madhara. Anasema biashara yenye madhara ikiachwa mikononi mwa wahalifu haina leseni, haina kipimo na haina mkaguzi.

Mimi ninayekuandikia nimeshughulikia majalada ya misokoto mitatu ya bangi yaliyoahirishwa hadi karatasi zikachakaa pembeni, mshtakiwa akiwa ndani, shahidi hajafika, na jalada la ubakaji likingoja zamu chini ya rundo lile lile. Sitaki kukuamulia kama sheria ibadilike, ila najua saa za polisi na za hakimu hazitoshi kwa yote.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza, la mkuu ambaye hakuyasema haya akiwa kitini, kwa sababu lina jibu katika mtu mwingine. Msome David Couper, mkuu wa polisi wa Madison, Wisconsin, kuanzia 1972 hadi 1993. Aliukuta mji wenye makovu ya maandamano ya vita vya Vietnam, na akachagua askari wake wazungumze na waandamanaji kabla na wakati wa maandamano, wakiwa na sare za kawaida, zana za ghasia zikiwa zimefichwa mbali na macho ya watu. Miaka yake ya kwanza askari wengi walimpinga vikali. Alikaa zaidi ya miaka ishirini, kisha akawa kasisi wa Kianglikana na kuendelea kuandika juu ya marekebisho ya polisi. Ukimweka karibu na Stamper utaona kwamba kiti hakimzuii mtu moja kwa moja, ingawa kinamdai muda mrefu na moyo wa kuchukiwa na watu anaokula nao kantini. Kwa hiyo mimi simwondolei Stamper lawama, na sidhani kama yeye mwenyewe anaomba aondolewe.

Mzee wa Doria:

Karani amesema kweli, na Dada wa Kent pia. Mwanangu, siku ya mada yako usianze na wasifu wa mtu. Chora njia panda ubaoni, weka walioketi, weka gari la wagonjwa linalotaka kupita, onyesha upepo unakotoka na mlango wa hoteli uliko. Kisha mpe mwanafunzi mmoja redio, mwambie ana dakika tano, na umwombe aandike amri yake kwa maneno kamili na kuitia saini.