Malalamiko: Wauzaji wa bonsai, mnaua juniperi zetu kwa kuosha mizizi, kisha mnatulaumu kwa maji

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha, kwa sababu jambo ninalolilalamikia linarudiwa mwaka hadi mwaka na wanaolifanya hawaulizwi. Ninawazungumzia wauzaji wa bonsai, yaani miti inayodumishwa midogo ndani ya vyungu visivyo na kina, na mafundi wa vitalu hapa Arusha na kwingineko ambao, wakikabidhiwa juniperi, mti wa jamii ya msanduku usiopukutisha majani, ili waibadilishie chungu, huing'oa, huipukutisha udongo wote, huiosha mizizi kwa mpira wa maji mpaka ibaki mitupu, hukata sehemu kubwa ya mizizi hiyo ili ienee katika chungu kipya kisicho na kina, kisha humrudishia mwenyewe mti ukiwa bado wa kijani na kupokea malipo yao. Baada ya wiki kadhaa mti unapauka, ncha zinakauka, na mwenye mti akienda kuuliza anaambiwa kwamba amemwagilia maji mengi mno, au machache mno, au ameuweka mahali pasipofaa.

Hivyo ndivyo nilivyojibiwa mimi. Juniperi yangu ilikuwa ya aina ile itambaayo, Juniperus procumbens 'Nana', na niliipeleka kwenye kitalu kimoja kwa maagizo ya wazi kwamba nusu ya udongo wa zamani isiguswe. Nilipoifuata niliambiwa kwa fahari kwamba mizizi yote imesafishwa. Nilipolalamika, fundi alinijibu, "Dada, si unaona mwenyewe mti uko kijani?" Mti huo umekufa, na mpaka leo kitalu hicho kinashikilia kwamba uliondoka mikononi mwao ukiwa mzima.

Rangi hiyo ya kijani ndiyo inayowalinda, na ndiyo sababu ninaandika kwa urefu. Majani ya juniperi ni madogo, yamebanana, yana nta, na hupoteza maji polepole sana, kwa hiyo mti ambao mizizi yake imekwisha kufa unaweza kubaki na rangi yake kwa wiki nyingi, hasa wakati wa baridi. Kila mwenye nyumba hapa Arusha na Moshi aliyewahi kukata tawi la msanduku kwa ajili ya Krismasi anajua kwamba tawi hilo, lisilo na mzizi hata mmoja, hufika mwaka mpya likiwa kijani; na msanduku na juniperi ni wa familia moja. Rangi ya majani siku ya kukabidhiwa mti haithibitishi chochote. Uthibitisho ni machipukizi mapya, yale yenye kijani kibichi yanayorefuka kwenye ncha, na hayo hayaonekani mpaka mizizi mipya iwe imeanza kufanya kazi. Anayetaka kujua mapema zaidi akwaruze kidogo kwa ukucha gome la tawi dogo: chini yake pakiwa na unyevu na ukijani, tawi li hai, pakiwa pamekauka na kuwa kahawia, tawi hilo limekwisha, hata kama majani yake bado hayajapauka.

Nieleze sasa kwa nini kuosha mizizi yote ni kosa, kwa maana nimechoka kusikia kwamba haya ni mambo ya upendeleo tu wa kila fundi. Mizizi minene tunayoiona kwa macho kazi yake kubwa ni kushikilia mti, kuhifadhi chakula na kupitisha maji. Vinavyonyonya maji hasa ni vizizi vyembamba vya pembeni na vinyweleo vilivyo karibu na ncha zake, ambavyo hukatika kwa mguso mdogo. Presha ya mpira wa maji huviondoa kwa dakika chache. Pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya kuvu wanaoishi kwa kushirikiana na mizizi, wanaousaidia mti kupata maji na madini, hasa fosforasi. Katika msonobari kuvu hao huonekana kama utando mweupe ndani ya udongo, na hata fundi asiyejua sana huogopa kuuharibu. Wale wa juniperi huishi ndani ya seli (chembe hai) za mzizi wenyewe na hawaonekani kwa macho, kwa hiyo anayeosha hudhani kwamba hakuna alichokipoteza.

Lipo jambo la pili ambalo sijawahi kulisikia kwa muuzaji yeyote wa hapa. Katika juniperi, hasa ile iliyokomaa, maji husafiri kwa njia zilizogawanyika: mzizi fulani hulisha upande fulani wa shina na matawi ya upande huo. Ndiyo maana juniperi za zamani za Japani huonekana zikiwa na mbao nyeupe zilizokufa upande mmoja na ukanda mwembamba ulio hai ukipanda upande mwingine. Fundi akikata mzizi mmoja mnene kwa sababu tu haukuenea katika chungu, anaweza kuwa amelihukumu kifo tawi lililo juu yake, na tawi hilo kwa kawaida ndilo lililoufanya mti uwe na umbo la kupendeza.

Chanzo cha kosa hili ninakijua. Wengi wa mafundi wetu walijifunza kazi kwa mikuyu na adeniamu, miti inayokua vizuri katika joto letu. Mkuyu ukiukata mizizi kwa ukali, ukaupukutisha na majani, utarudi. Adeniamu ina shina lililojaa maji na inaweza kukaa siku kadhaa nje ya udongo bila kudhurika. Wengine wametazama video za mafundi wa nchi za baridi wakiosha mizizi ya miti inayopukutisha majani, kazi ambayo hufanywa mwishoni mwa majira ya baridi, wakati mti hauna jani hata moja la kupoteza maji. Juniperi haipukutishi majani. Siku inapong'olewa bado ina maelfu ya majani yanayotoa maji hewani, na yanataka kupewa maji siku hiyo hiyo na mizizi ambayo fundi ameikata asubuhi. Huwezi kuchukua utaratibu wa mti mmoja ukaupachika kwa mwingine kwa sababu tu vyote viwili vinaitwa bonsai.

Na msituambie kwamba juniperi hufa kwa kuwa ni mti wa nchi za baridi. Ndugu yake, mwangati, ambao Wakenya wanauita mtarakwa, unaota wenyewe katika misitu ya Mlima Meru na Kilimanjaro, na kati ya juniperi zote duniani ndio pekee unaoota kiasili kusini mwa ikweta. Ninakubali kwamba aina za Kijapani hupata taabu katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, na kwamba asishawishiwe mtu wa pwani kuzinunua. Lakini katika nyanda zetu za juu zinaishi, zikiachiwa mizizi yao.

Utaratibu unaofaa si siri. Kwanza mtu ajiulize kama mti unahitaji kubadilishiwa chungu. Juniperi changa huhitaji kila baada ya miaka miwili au mitatu hivi, na iliyokomaa inaweza kukaa mitano au zaidi. Dalili ni maji kusimama juu ya udongo badala ya kupenya, au mti kuinuliwa na mizizi yake hadi juu ya ukingo wa chungu. Mti mgonjwa hauguswi mizizi kwa ajili ya kuupendezesha. Isipokuwa kama mizizi yenyewe ndiyo inayooza, huachwa upate nguvu kwanza. Wakati mzuri kwetu, kwa maoni yangu, ni mvua za kwanza za masika zinapoanza, mawingu yamekuja na ncha za mti zinajiandaa kurefuka. Anayefanya kazi hii Januari au Februari, katika jua kali na upepo mkavu wa kaskazi, anautafutia mti matatizo.

Udongo wa zamani huondolewa nusu tu. Bonge la mizizi hugawanywa kwa macho katika pande mbili. Upande mmoja hufunguliwa taratibu kwa kijiti, udongo wake ukatolewa, mizizi yake mirefu ikapunguzwa, na upande wa pili ukaachwa jinsi ulivyo ili uendelee kuunywesha mti wakati ule wa kwanza unapopona. Upande uliobaki husubiri mpaka baada ya mwaka mmoja au miwili, mti ukiwa umeonyesha kwamba umepona kwa kutoa machipukizi yenye nguvu. Mizizi inayokatwa kwa mara moja isizidi theluthi ya yote. Muda wote huo mizizi inyunyiziwe maji na isipigwe na jua, maana vizizi vyembamba hukauka kwa dakika chache tu. Tena, matawi yasipogolewe kwa wingi siku hiyo hiyo. Nimeona mafundi wakikata mizizi, wakapogoa, wakafunga waya na kuchubua gome kwa siku moja ili mti uonekane kazi ya sanaa mbele ya mteja. Juniperi hutegemea majani yake kupata nguvu ya kutengeneza mizizi mipya; ukiyaondoa wakati inapoyahitaji, unaifungia njia zote mbili, ya mizizi na ya majani.

Kuhusu udongo, hapa ndipo hasira yangu inapozidi, kwa sababu tunauziwa mchanganyiko wa udongo wa shamba na samadi katika mji uliozungukwa na changarawe za volkano. Chungu cha bonsai hakina kina, na chungu kisicho na kina hutuama maji zaidi kuliko kirefu chenye udongo ule ule. Chukua sifongo iliyolowa, ilaze juu ya kiganja mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe wima: itadondosha tena. Vivyo hivyo, udongo katika chungu kifupi hubaki umejaa maji karibu na sakafu yake, na tabaka la kokoto chini haliondoi tatizo hilo, bali hulipandisha juu tu. Kinachosaidia ni chembe kubwa zenye nafasi za hewa kati yake. Wajapani hutumia akadama, udongo wa mfinyanzi wa asili ya volkano unaochimbwa katika eneo la Kanto, na wengi huichanganya na pumisi (jiwe jepesi la volkano lenye vitundu) na mawe ya lava. Sisi tunaweza kuchekecha changarawe nyepesi za volkano zenye vitundu, tukabakiza zenye ukubwa wa milimita 2 hadi 6 hivi, tukaosha vumbi lote. Vumbi hilo ndilo linaloziba nafasi za hewa, na mizizi ikikosa oksijeni huoza, kisha sisi tunaambiwa kwamba tumemwagilia mno.

Mti ukishawekwa hufungwa kwa waya unaopita katika matundu ya chini ya chungu, hadi usitikisike ukiguswa, kwa maana kila unapotikiswa na upepo ncha mpya za mizizi hukatika. Changarawe huingizwa kati ya mizizi kwa kijiti, polepole, bila kuishindilia. Humwagiliwa mpaka maji yanayotoka chini yawe safi. Baada ya hapo mti hukaa nje, mahali penye mwanga mwingi lakini pasipo na upepo mkali wala jua la alasiri, kwa wiki mbili au tatu, na mbolea husubiri angalau mwezi mmoja. Hauwekwi sebuleni. Ninasisitiza hili kwa sababu kuna wauzaji wanaowaambia wateja kwamba juniperi ni pambo la mezani, jambo ambalo ni uongo.

Kwa ndugu zetu walio Ulaya na Marekani, mnaonunua juniperi ndogo madukani zikiwa na kokoto zilizogandishwa kwa gundi juu ya udongo: ondoeni kokoto hizo mapema ili maji na hewa vipite, lakini bonge la mizizi liacheni mpaka mwishoni mwa majira ya baridi.

Kuna wanaojitetea kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya Wajapani. Hapana. Huko Omiya, katika mkoa wa Saitama, kijiji cha bonsai kilianzishwa mwaka 1925 na wakulima wa bonsai waliohama Tokyo baada ya tetemeko la mwaka 1923, wakitafuta udongo, maji na hewa inayofaa miti yao. Watu waliohamisha makazi kwa ajili ya udongo na maji msiwasingizie kwamba ndio waliowafundisha kuosha mizizi ya juniperi kwa mpira na kuipaka samadi.

Ninachodai ni haya. Fundi asiiguse juniperi ya mtu kabla ya kumweleza mwenyewe ni kiasi gani cha udongo na mizizi kitaondolewa, na maagizo ya mwenye mti yafuatwe. Mti unaouzwa uwe na kibandiko chenye tarehe ya mwisho ya kubadilishiwa chungu, pamoja na maelezo kwamba ni upande upi wa mizizi uliofunguliwa, ili mnunuzi asije akaufungua tena kabla ya wakati. Na malipo yagawanywe: sehemu ilipwe siku ya kazi, sehemu ilipwe machipukizi mapya yakionekana. Muuzaji anayesoma hapa na anayeona kwamba ninamwonea, aweke picha ya juniperi aliyoiosha mizizi yote mwaka jana, na picha ya mti huo huo ilivyo leo.