Mwanangu anasema ana "yule wa rangi ya chungwa" kichwani. Katuni inamsaidia au inampa la kuiga?

MamaMbili

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mawazo, hasa kwa wenye watoto wa miaka tisa, kumi.

Wiki tatu zilizopita nilikaa na binti yangu tukaangalia Inside Out 2, ile katuni ya mwaka 2024 ambamo hisia za msichana Riley ni viumbe wanaoishi kichwani mwake. Kukaa ni kusema tu, maana nilikuwa nakunja nguo, jicho moja kwenye filamu, jingine kwenye soksi zisizo na wenzake. Ikafika pale Riley amewekwa kwenye kile kibanda cha wachezaji wa hoki ya barafu waliofanya makosa. Moyo unamwenda mbio, hawezi kupumua vizuri, na ndani ya kichwa chake Wasiwasi anazunguka mitambo kama kimbunga, hata mwenyewe hawezi kujisimamisha. Mwanangu, bila kugeuka, akasema: "Huyo ninaye."

Nikadhani utani. Nikamuuliza nani. "Huyo wa rangi ya chungwa. Anakujaga kabla ya hesabu za kichwa."

Sasa, mwaka mzima nimekuwa nikihangaika na tumbo la huyu mtoto. Linauma asubuhi, mchana limepona. Tumepima damu, choo, mkojo, vyote safi. Dawa ya minyoo amemeza mara mbili, naona hata aibu kuandika. Hakuna aliyewahi kumuuliza, mimi nikiwa wa kwanza, kama hilo tumbo lina ratiba. Usiku ule nikafungua ratiba yake ya masomo: hesabu za kichwa ni Jumanne na Alhamisi. Nikahesabu siku alizolia tumbo mwezi ule. Mnaweza kukisia.

Baba yake anasema kaokota maneno kwenye katuni, na tukianza kumpa kila hali jina, mtoto atajiona mgonjwa. Sitaki kumpuuza, si mtu mkali, ana hofu tu. Je, katuni inaweza kweli kumfungua mtoto hivi, au naona ninachotaka kuona? Na kama kuna nyingine za kumwonyesha, au za kumficha, nitajieni.

Swali_Fupi

Moja tu kwa baba: tumbo lilianza lini, na filamu mmeiangalia lini?

PenseliButu

Hahaha, hapo juu kesi imekwisha. Ila niongeze, maana katuni ndiyo mkate wangu. Nachora, na miaka kadhaa nimefanya kazi ya kujaza mienendo kati ya picha kuu mbili, kazi ya kukuvunja mgongo.

Kamera ya kawaida inaona nje tu. Mtu mwenye hofu, ukimpiga picha, utapata mtu amekaa. Labda anatoka jasho. Kalamu haina mpaka huo. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na sisi mara nyingi tunachora 12, kila mchoro unakaa fremu mbili. Kwa hiyo kila mchoro ni uamuzi wa mtu: hapa mstari utetemeke, hapa rangi ife, hapa chumba kiwe kikubwa kuliko mtoto. Kile ambacho mwenye wasiwasi angekueleza kwa nusu saa na bado usielewe, mchoro unakionyesha kabla hujafumba jicho.

Na hizo filamu mbili za Inside Out hazikuchorwa kwa kubahatisha. Ile ya kwanza, ya 2015, iliyoongozwa na Pete Docter, walishauriana na wanasaikolojia Dacher Keltner na Paul Ekman. Kuna jambo kuhusu kutengenezwa kwake ambalo huwa nawasimulia wanafunzi wangu: mwanzoni Furaha alikuwa anasafiri na Hofu. Hadithi ikawa haisimami. Baada ya muda mrefu wa kazi Docter akamtoa Hofu, akamweka Huzuni, ndipo filamu ikapata moyo. Fikiria, kazi ya watu wengi inageuzwa ili mtoto aone kwamba kulia kuna kazi yake. Kwa ile ya pili aliongezwa Lisa Damour, mwanasaikolojia anayeshughulika sana na wasichana wa umri huo huo wa Riley.

Za kumficha: BoJack Horseman, katuni ya mfululizo. Mhusika mkuu ana umbo la farasi, kwa hiyo mzazi anaona mnyama anadhani ni ya watoto. Si ya watoto hata kidogo. Pombe, kujichukia, vifo. Lakini wewe MamaMbili, mtoto akilala, tafuta ile sehemu ya 2017 ambapo mawazo yake yamechorwa kwa mistari ya ovyo ovyo, kama mtu anayechora akiwa na hasira, na sauti inamtukana tangu anapofumbua macho. Sijaona daktari aliyenieleza sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, vizuri kuliko pale.

Mkimya

Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo niandike.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 lilitoa katuni ya dakika nne hivi, imetoka kwenye kazi ya Matthew Johnstone, mchoraji ambaye mwenyewe aliugua sonona. Sonona humo ni mbwa mweusi. Anakulalia kifuani asubuhi, anakula chakula chako kabla hujaonja, anakua mkubwa hadi anajaza chumba. Ndani yake hakuna neno gumu. Mtu na mbwa tu.

Mzee wangu ni mtu mwema lakini kwake sonona ilikuwa uvivu uliosoma shule. Nimemweleza miaka, tunaishia kugombana. Siku moja sikueleza. Nikamtumia ile video, bila salamu, bila neno. Kimya siku mbili, nikajua nimeharibu. Siku ya tatu akanipigia, akaniuliza: "Huyo mbwa yuko kwako tangu lini?"

Nilikaa chini sakafuni. Mtu ambaye hakuwahi kuniuliza swali hata moja kuhusu hali yangu ameuliza swali sahihi, na ameweza kwa sababu alikuwa anamuulizia mbwa, si mimi.

MshauriWaZamu

Nafanya ushauri nasaha kwa watoto. Nakubaliana na mengi, ila niweke breki kidogo.

Kwanza, katuni hizo hizo ndizo zimetufundisha kumcheka mgonjwa wa akili. Macho yanayozunguka, ulimi nje, kicheko cha ajabu, na mara nyingi ndiye mtu mbaya. Watoto wamekula hiyo miaka na miaka kabla ya kuja hizi za sasa. Mtoto anayejisikia vibaya kichwani na amekua akimcheka "chizi" kwenye katuni hatasema, atasema tumbo.

Pili, filamu lazima iishe. Kimbunga cha Riley kinatulia: anagusa benchi, anaona mwanga, anasikia viatu kwenye barafu, pumzi inarudi. Kugusa na kusikiliza vilivyo karibu ni jambo la kweli, tunawafundisha watoto. Lakini kwenye filamu ni mara moja na dakika chache. Mwanao atajaribu Jumanne, isifanye kazi, adhani yeye ndiye mbovu. Mwambie mapema kwamba inahitaji kurudiwa, tena siku ambazo hana hofu.

Tatu, na hapa baba ana hoja: usimpe mtoto jina, mpe hisia jina. "Wasiwasi umekuja" si sawa na "wewe una ugonjwa wa wasiwasi." La kwanza linaondoka. La pili linaamua daktari, si filamu, wala si sisi humu. Akianza kukosa shule, usingizi au kula, usingoje katuni nyingine, mpeleke kwa mtaalamu. Akitamka lolote la kutaka kufa, ni siku hiyo hiyo.

Ningefanya hivi: weka filamu pembeni, mpe karatasi. Asichore wa rangi ya chungwa, huyo ni wa Riley. Achore wake. Kisha muulize kama unavyouliza habari za mgeni: anakuja saa ngapi, anakaa wapi, nani anamfukuza. Usisahihishe mchoro!

PenseliButu

Hilo la mwisho nalipigia mstari. Na usimwambie "ongeza rangi". Nawajua wazazi.

MamaMbili

Nimerudi. Asanteni wote. Mkimya, nimesoma yako mara tatu.

Nilimpa karatasi Jumapili. Wake si wa chungwa hata kidogo. Ni wa kijivu, mdogo, hana mdomo, na mkononi ana saa kubwa kuliko kichwa chake. Nilitaka kusema "mbona hana mdomo", nikakumbuka onyo, nikanyamaza. Nikauliza anakuja saa ngapi. Akasema, "Mwalimu akishika saa."

Kumbe hesabu si tatizo. Hesabu anaziweza. Ni ile saa, na kusimama mbele ya wenzake. Nimezungumza na mwalimu, amekubali kwa sasa ajibu kwa kuandika, bila kupimwa muda. Jumanne hakulia tumbo. Alhamisi alilia, lakini alisema mwenyewe, "Si tumbo tumbo, ni yule," akaenda shule.

Mchoro niliubandika kwenye friji. Baba yake jana usiku alienda kuchukua maji, akasimama pale muda mrefu na glasi mkononi. Nikawa najiandaa kujitetea. Akamwita mtoto, akamuuliza, "Mbona ana saa?"

Nikatoka nikawaacha.