Mgonjwa wa akili akirudi nyumbani, ni nani wa kumpokea?

Swali, kutoka Makorora, Tanga

Nawasalimu nyote. Mdogo wangu ametoka wodini hivi karibuni baada ya kuugua ugonjwa wa akili, na sasa tunaishi naye. Dawa anameza na usingizi umerudi, lakini majirani wamegawanyika: wapo wanaotaka apelekwe akapungwe, na wapo wanaosema arudishwe hospitali akae hukohuko, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa zamani. Mzee mmoja wa mtaani anasema hata Mjerumani alikuwa na hospitali ya namna hiyo Usambara. Je, ni kweli, na sisi wa leo tufanye nini?

Jibu, mwalimu mstaafu, Korogwe

Mzee wenu amesema kweli. Hospitali hiyo ni Lutindi, wilayani kwetu. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kijerumani wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hadi leo ipo, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Waingereza nao walifungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927.

Wengi walikaa huko miaka mingi, lakini msiisahau sababu: dawa za kutuliza ugonjwa wa akili kama klopromazini zilikuja katika miaka ya 1950, na kabla ya hapo aliyechachamaa alitengwa zaidi ya kutibiwa. Zilipopatikana, fikra nazo zikabadilika. Mwaka 1954, Dakta Thomas Adeoye Lambo alianzisha huko Aro, Nigeria, utaratibu wa wagonjwa kupanga vyumba kwa wanakijiji wakiwa na ndugu zao, huku wakihudhuria matibabu hospitalini. Hapa kwetu, baada ya Uhuru, vijiji vya wagonjwa wa akili vilianzishwa, kikiwamo Hombolo karibu na Dodoma, ambako mgonjwa alilima na kuishi karibu na jamaa zake. Kwa hiyo anayewaambia kwamba desturi ya zamani ilikuwa kumwacha mtu hospitali amesimulia nusu tu ya habari.

Jibu, muuguzi, Bagamoyo

Naongeza ya kliniki. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni familia kuacha dawa mgonjwa akishapata nafuu, kana kwamba ni malaria. Akianza kukosa usingizi, kujitenga au kuongea peke yake, msisubiri avunje vyombo, mrudisheni mapema. Mikono ikitetemeka au taya likikaza, mwambieni mhudumu ili dawa irekebishwe, wala msiipunguze wenyewe. Kwa wanaosahau vidonge, ipo sindano ya kila mwezi. Jambo jingine ni maneno ya ndani ya nyumba: anayeishi kati ya lawama na makelele huelekea zaidi kurudia kuugua, hata akiwa anameza dawa.

Kuhusu kisomo na kombe (maji yaliyooshea maandishi ya aya), sigombani na imani ya mtu. Ninachokataa ni kumfunga kamba, kumnyima chakula, au kumwachisha dawa kwa amri ya mganga.

Jibu, kutoka Ngamiani

Nakubaliana nanyi, ila "jamii" inatajwa kirahisi mno. Anayekesha mara nyingi ni mama au dada, naye hana wa kumpokea zamu. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, kupitia mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na Dakta Dixon Chibanda, wanawake wazee waliofunzwa husikiliza watu wenye msongo na huzuni kwenye mabenchi karibu na zahanati. Hao si wagonjwa kama mdogo wako, lakini anayemuuguza angefaidika sana na sikio la namna hiyo, na sisi wa pwani mabaraza tunayo tayari. Muone pia afisa ustawi wa jamii. Na wanaotaka afungiwe waambie kwamba Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka taratibu za kumlaza mtu bila hiari yake. Kelele za majirani si mojawapo.

Mwuliza swali

Nashukuru sana. Kliniki ijayo nitauliza kuhusu sindano, kwa kuwa vidonge vya usiku ndivyo anavyovisahau. Shemeji yetu fundi cherehani amekubali awe anakuja barazani kwake asubuhi kumsaidia kukata vitambaa, nami na dada tumegawana zamu za usiku ili mama apate kulala.