Naomba ushauri: nianze na godoro au vyombo vya jikoni?

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Mbagala, Dar es Salaam, na mume wangu na watoto wawili. Vitu vya ndani vimechoka kwa pamoja, maana tulivinunua wakati mmoja tulipooana. Nikishatoa kodi, ada na chakula, ninachoweza kutenga ni kama shilingi 50,000 kwa mwezi.

Neti ya watoto na mpira wa jiko la gesi nanunua mwezi huu, hapo sina mjadala. Neti nimeishona mpaka nyuzi zinaachia, na mpira umeanza nyufa karibu na mtungi. Nimeupaka povu la sabuni, bado hauvujishi, ila siwezi kulala na wasiwasi huo.

Shida ni yanayofuata. Godoro la watoto limebonyea katikati, ukikaa unagusa chaga, na mkubwa anaamka analalamika mgongo. Sufuria ya wali nayo imeliwa chini, inaunguza kila siku.

Kuna kaka anapita mtaani kukopesha vyombo, unalipa kila wiki, lakini ukijumlisha bei inaipita mbali ya Kariakoo. Mama mkwe ananishauri niingie mchezo wa kina mama nipokee hela kwa mkupuo ninunue godoro zuri. Mimi naelekea huko, sema naogopa zamu yangu ikiwa ya mwisho.

Waliopitia hali hii, mlianza na kipi? Na godoro la mtumba linafaa kweli, au nitaleta kunguni ndani?