Mdogo wangu amefungua kadi za mkopo kwa jina langu: nilipe au niripoti?

Binti wa Tanga, Columbus (Ohio)

Wakubwa shikamooni. Hivi karibuni nilinyimwa nyumba ya kupanga kwa sababu taarifa yangu ya mikopo inaonyesha kadi mbili zisizolipwa, ambazo sikuzifungua mimi. Anwani iliyoandikwa ni ya nyumba aliyohamia mdogo wangu wa kiume alipoondoka kwangu, na deni linakaribia dola 7,000. Amekiri kwamba alichukua namba yangu ya Social Security, ile ya utambulisho inayotolewa na serikali ya Marekani, kwenye bahasha ya karatasi za kodi. Mama yuko nyumbani, na kila akipiga simu ananisihi nilipe yaishe, akiogopa kijana atafungwa au kurudishwa. Je, nawezaje kusafisha jina langu bila kumwangamiza ndugu yangu?

Mama Mkubwa, Minneapolis

Marahaba mwanangu, na pole sana. Usilipe hata senti moja kwa sasa, kwa kuwa malipo yako yanaweza kuchukuliwa kuwa umekubali deni, na katika majimbo mengi malipo madogo tu huanzisha upya muda ambao mdai anaruhusiwa kukupeleka mahakamani. Kabla ya jambo lolote jingine, ziombe Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza taarifa za mikopo, kila moja peke yake, zifunge taarifa yako ili mtu asiweze kufungua akaunti nyingine kwa jina lako. Tangu mwaka 2018 huduma hiyo ni ya bure nchi nzima. Kisha soma taarifa zote tatu mstari kwa mstari, maana aliyefungua kadi mbili huenda alifungua na ya tatu.

Mkazi wa Dallas

Dada, naongezea kuhusu ripoti, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi hukwama. Unaijaza kwenye tovuti ya IdentityTheft.gov, inayoendeshwa na tume ya serikali iitwayo FTC. Ukizipelekea kampuni hizo tatu ripoti hiyo pamoja na uthibitisho wa kitambulisho chako, sheria inazitaka zizuie deni hilo lisionekane kwenye taarifa yako ndani ya siku 4 za kazi. FTC haimfungulii mtu kesi ya jinai, ingawa polisi wanaweza kuzisoma ripoti zake; kwa hiyo kuripoti si sawa na kumshitaki mdogo wako, na Mama anapaswa kuelezwa tofauti hiyo kwa utulivu. Hata hivyo fomu itakuuliza kama unamfahamu aliyefanya, na kusema uongo humo ni kosa la jinai. Jibu kwa ukweli.

Hofu ya Mama nayo ina msingi. Ikiwa kijana si raia, hatia ya udanganyifu inaweza kumgharimu ukaazi wake, basi amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hajaandika au kusema lolote kwa benki.

Binti wa Tanga

Nashukuru sana. Kuna jambo linanitia wasiwasi: mdogo wangu amenionyesha stetimenti, na televisheni aliyoniletea kama zawadi imo kati ya vitu vilivyonunuliwa kwa kadi hizo.

Mkazi wa Dallas

Umefanya vizuri kulitaja. Kampuni ya taarifa inaweza kukataa au kuondoa kizuizi ikiona kwamba mlalamikaji alipata bidhaa au fedha kutokana na deni lenyewe, kwa hiyo usiiache benki iligundue jambo hilo yenyewe. Eleza kwenye barua utakayoiandikia benki kwamba uliipokea bila kujua ilivyolipiwa, na uache kuitumia. Katika barua hiyo hiyo, ukiambatanisha ripoti, idai benki ikupe nakala ya maombi ya kadi na orodha ya miamala. Inatakiwa kukupa bila malipo ndani ya siku 30, na anwani na namba ya simu zilizojazwa humo ndizo zitakazokutetea. Itume kwa posta ya rejista na uhifadhi risiti.

Mama Mkubwa, Minneapolis

Mwanangu, kuhusu Mama, usibishane naye peke yako kwenye simu. Niandikie faragha namba yake. Nitampigia mimi, mtu mzima kwa mtu mzima, nimweleze kwamba ukilinyamazia deni hili utanyimwa nyumba nyingine, na huyo kijana bado hatakuwa amelipa.